Maneno ya Kujiachia katika Usemi wa Kiganjo, Thika na Ruiru

Maneno ya kujiachia ni yale yanayoeleza hali ya mtu asiyejibana: ametulia, hajali itifaki, anaongea na wenzake bila kupima kila neno. Katika mtaa wa Kiganjo mjini Thika, na kuteremka hadi Ruiru, mengi ya maneno hayo asili yake ni Kiingereza, ila yamekwisha kuvaa viambishi vya Kiswahili na kupata maana ambazo Mwingereza asingezitambua. Kiganjo hii isichanganywe na Kiganjo ya Nyeri, penye chuo cha polisi, wala na wadi ya Kiganjo ya Gatundu Kusini.

Thika iko kilomita 40 hivi kutoka Nairobi, katika Kaunti ya Kiambu. Ni mji wa viwanda, na viwanda huleta watu wa kila kabila katika ploti moja ya vyumba vya kupanga. Humo Kikuyu, Kikamba, Kiluhya na Kiswahili husikika kwa siku moja, na watoto hurudi kutoka shuleni na Kiingereza. Ruiru imefurika zaidi: sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000. Tangu barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa ifunguliwe rasmi mwaka 2012, wengi hulala huku na kufanya kazi Nairobi, na Sheng ya mitaa ya mashariki ya jiji hufika nao jioni ileile. Mwanaisimu Chege Githiora, katika kitabu chake cha 2018, anaihesabu Sheng kuwa Kiswahili cha Kenya kilichokulia mitaani. Ushahidi wa maneno yafuatayo unamuunga mkono, kwa maana sarufi inayoyabeba ni ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Mlango wa usemi huu ni salamu. "Niaje?" hujibiwa "poa", "fiti" au "freshi", na mwenye furaha ya ziada husema "freshi barida", Kiingereza na baridi ya Kiswahili vikiwa bega kwa bega. "Rada?" ni kuuliza mambo yakoje, na jibu lake ni "rada safi", chombo cha kunasia ndege angani kimekuwa namna ya kujuliana hali. Mtu asiye na makuu, anayezungumzika, husemwa kuwa "ako free".

Neno lililosafiri mbali kuliko yote ni kuchill. "Tunachill base" maana yake tumekaa kijiweni, hatuna haraka. "Chill kidogo" ni subiri. Mwaka 2004 shirika la PSI lilianzisha kampeni iliyoitwa Nimechill, iliyowahimiza vijana wadogo kujiepusha na ngono ili wasiambukizwe virusi vya Ukimwi, pamoja na ishara yake ya vidole viwili. Neno la starehe likawa neno la kujizuia. Ilikuwa hekima kuchagua neno hilo, kwani kijana aliweza kulitamka mbele ya wenzake bila kuonekana anahubiri.

Lakini "casual" ndilo linalostahili kuangaliwa kwa karibu hapa. Vitabu vya Kiingereza hulitumia kwa mtu aliyejiachia au kwa nguo za kuvaa siku ya mapumziko. Thika, neno hilo halina raha yoyote ndani yake. "Mimi ni casual" ni kauli ya mtu anayeamka gizani, akasimama langoni mwa kiwanda akitumaini kuitwa ndani, na asipoitwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kuwa ni mfanyakazi anayelipwa mwisho wa kila siku, asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinasema kwamba akifanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, ajira yake ihesabiwe kuwa ya kulipwa kwa mwezi. Kila anayejiita casual anapaswa kukijua kifungu hicho. Kiswahili kilikuwa tayari na jina lake, kibarua, lililotokana na kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa.

Neno jingine la Kiingereza linalosikika la kujiachia lakini likabeba habari za kazi, "informal", lilienea katika lugha ya uchumi duniani baada ya ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972. Wakenya wenyewe huiita kazi isiyo rasmi jua kali, na jina lao linasema zaidi.

Wanaoilaumu Sheng kwa kukosa adabu hawajasimama kwenye stage ya matatu wakasikiliza. Makanga humwambia kijana mwenzake "niaje msee, dandia". Hapohapo akija mama mzee na kiondo, sauti hushuka: "Shosho, kaa hapa mbele," na kiondo hupokewa kwanza. Kijana aliyemaliza siku nzima akisema "freshi" hamwambii hivyo guka yake, yaani babu. Huyo huamkiwa kwa Kikuyu, au kwa "habari ya jioni" iliyonyooka. Maneno ya kujiachia ni ya marika. Kumrushia mzee "rada?" ni kumshusha, na kumjibu rafiki "sijambo" ni kumwekea ukuta.

Kamusi zetu bado zinalitaja poa kama kitenzi cha uji na chai, zikiongeza maana ya mtaani kwa ufupi ikiwa zinaiongeza. Watunzi wa kamusi wanaombwa wayaingize maneno haya, na kando ya kila moja waandike ni la kumwambia nani.