Yungiyungi la Fedha la 's-Hertogenbosch

Udugu wa Bikira Maria uliundwa mwaka 1318 mjini 's-Hertogenbosch, katika Uholanzi ya leo. Mchoraji Hieronymus Bosch alikuwa mmojawapo wa nduguze. Ndugu walioapa walivaa pambo la fedha lenye yungiyungi katikati ya miiba, mfano wa Maria uliotokana na Wimbo Ulio Bora. Mji ulipotekwa na Waprotestanti mwaka 1629, ibada ya Kikatoliki ilipigwa marufuku. Mwaka 1642 udugu uliwapokea Waprotestanti, gavana wa mji akiwamo. Voetius, mwanatheolojia wa Utrecht, aliwashutumu vikali: Mprotestanti awezaje kuwa ndugu wa Maria? Wala swali hilo halikuwa la kipuuzi. Hata hivyo udugu ulidumu, Wakatoliki na Waprotestanti wakigawana nafasi zake nusu kwa nusu, na alama yao ikabaki yungiyungi lile lile.