Joto la Tanuri: Selsiasi na Farenhaiti katika Mapishi ya Nyumbani

Joto la tanuri, au oveni kama ilivyozoeleka kuitwa majumbani, hupimwa kwa vipimo viwili: Selsiasi, kitumikacho Afrika Mashariki na katika nchi nyingi za dunia, na Farenhaiti, ambacho mapishi ya Marekani yangali yakikifuata, na ambacho aghalabu hukutwa pia katika vitabu vya zamani vya upishi vya Uingereza. Maadamu mapishi husafiri kutoka nchi hata nchi bila ya jiko lake, mpishi hana budi kuijua hisabu ya kuhamisha joto kutoka kipimo hiki hadi kile. Kwani digrii 200 za Selsiasi huoka mkate barabara, ilhali digrii 200 za Farenhaiti ni sawa na 93 tu za Selsiasi, joto lisilofikia hata lile la maji yachemkayo, na keki iliyotiwa humo itakaa saa nzima uso wake ungali mweupe.

Asili ya vipimo

Daniel Gabriel Fahrenheit, aliyezaliwa Danzig mwaka 1686 na kufanya kazi yake Uholanzi, alitengeneza kipimajoto cha zebaki mwaka 1714, na mwaka 1724 akakitangaza kipimo chake, ambacho sifuri yake ilitokana na mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia. Kwa kipimo hicho, jinsi kilivyothibiti baadaye, maji huganda penye digrii 32 na huchemka penye 212. Anders Celsius, mtaalamu wa falaki wa Uppsala nchini Uswidi, alileta mwaka 1742 kipimo chenye digrii 100 baina ya kuganda na kuchemka. Lakini yeye aliiweka sifuri penye kuchemka na 100 penye kuganda, na haukupita muda mrefu kipimo kikapinduliwa kikawa kama kijulikanavyo leo. Mwaka 1948 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulilipitisha rasmi jina la Selsiasi mahali pa sentigredi.

Kanuni ya hisabu

Baina ya kuganda na kuchemka kwa maji mna digrii 100 za Selsiasi na digrii 180 za Farenhaiti. Kwa hiyo digrii moja ya Selsiasi ni sawa na 1.8 za Farenhaiti. Atakaye Farenhaiti na azidishe Selsiasi kwa 9, agawanye kwa 5, kisha aongeze 32. Naye atakaye Selsiasi na atoe 32 kwanza, ndipo azidishe kwa 5 na kugawanya kwa 9. Tuseme mkate wa mayai umeandikiwa Farenhaiti 350: ukitoa 32 husalia 318, mara 5 ni 1,590, ukigawanya kwa 9 hupata 176 na ziada, ambazo jikoni huhesabiwa kuwa 180.

Viwango vitumikavyo sana, vikisha kukadiriwa, ni hivi:

Farenhaiti 300: Selsiasi 150
Farenhaiti 325: Selsiasi 160
Farenhaiti 350: Selsiasi 180
Farenhaiti 375: Selsiasi 190
Farenhaiti 400: Selsiasi 200
Farenhaiti 425: Selsiasi 220
Farenhaiti 450: Selsiasi 230

Katika majiko ya gesi ya Uingereza huandikwa namba tu: namba 4 ni Farenhaiti 350, na kila namba ifuatayo huzidi kwa digrii 25.

Kukadiria kwa kichwa

Iko njia nyepesi impasayo mpishi ambaye mikono yake imejaa unga, nayo ni kuzidisha Selsiasi mara mbili. Penye Selsiasi 160 jawabu huwa sahihi kabisa, yaani 320. Penye 200 hupatikana 400 badala ya 392, tofauti isiyodhuru keki, kwa kuwa joto la tanuri la nyumbani lenyewe hupanda na kushuka kila moto uwakapo na kuzimika. Penye 240, hata hivyo, kosa hufika digrii 16, na hapo yafaa kurejea kanuni kamili.

Tahadhari nyingine ni ya tofauti za joto. Kitabu kikiagiza kupunguza Farenhaiti 25, ile 32 haiingii kabisa katika hisabu, maana kinachogeuzwa ni tofauti wala si joto lenyewe. Digrii hizo ni sawa na 14 za Selsiasi. Kadhalika tanuri lenye feni, ambalo husukuma hewa ya moto pande zote, hutakiwa kushushwa kwa takriban Selsiasi 20.

Wapishi wa pwani wameoka mkate wa kumimina kwa makaa juu na chini pasipo namba yoyote, wakiongozwa na rangi na harufu. Na hata mwenye kipimajoto yampasa kuchoma kijiti katikati ya mkate, aone kama kinatoka kikavu. Lakini mapishi yaandikwayo yasomwe na watu wa mbali hayana shahidi mwingine ila namba, na namba isiyo na jina la kipimo chake ni amana isiyo na mwenyewe. Basi kila aandikaye mapishi, hata kwa jamaa zake, na aandike Selsiasi au Farenhaiti mbele ya kila digrii.