Msimu wa Agosti: Historia ya Kupanga Tohara ya Wabukusu

Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti wa mwaka shufwa, Wabukusu wa kaunti za Bungoma na Trans Nzoia huwatahiri vijana wao wa kiume. Wabukusu ni mojawapo ya jamii za Waluhya, na ndugu zao wa karibu ni Wamasaba, waitwao pia Wagisu, walio upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Msimu huo huwakutanisha Wabukusu kwa wingi, kwa kuwa hata walio mbali hurudi nyumbani kwa ajili yake. Kwa muda mrefu msimu huo haukuwa na mwenyekiti, katibu wala mweka hazina. Mabaraza na kamati zilizaliwa baadaye, wakati serikali, misheni, shule, uhamaji na maradhi yalipoingia katika shughuli ambayo koo zilikuwa zikiiendesha zenyewe.

Masimulizi ya Wabukusu huanza na Mango, mtu aliyeliua joka lililokuwa likiwamaliza watu na mifugo. Majirani zake wa jamii ya Barwa, wasemaji wa lugha za Kikalenjin, walikuwa wakitahiri, na baada ya ushujaa huo Mango akakubaliwa kupashwa tohara kama wao. Mahali panapohusishwa na kisa hicho, Mwiala wa Mango, papo Bungoma hadi leo. Kilio cha jamaa zake alipokuwa akiukabili wembe ndicho kinachotajwa kuwa chanzo cha Sioyaye, wimbo wa kumrudisha kijana kutoka mtoni. Wamasaba nao wana kisa chao: Masaba alimpenda Nabarwa, binti wa kabila jirani, naye akakataa kuolewa na mwanamume asiyetahiriwa. Visa hivyo viwili vinakubaliana kwamba desturi ilitoka kwa majirani wa upande wa mlima, na kwamba aliyeipokea alifanya hivyo kwa hiari.

Msingi wa mpangilio wote ni kalenda ya marika. Yapo marika manane yanayofuatana bila kubadilishana zamu: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kila rika hubeba misimu kadhaa ya tohara, kwa kawaida sita, na mzunguko mzima huchukua karibu miaka 100. Kwa hesabu inayotumiwa na wengi, Banyange walianza kutahiriwa mwaka 1948, Bamaina mwaka 1960, Bachuma mwaka 1972, Basawa mwaka 1988, na mwaka 2000 jina la Bakolongolo, lililokuwa la vijana wa mwaka 1900, likarudi kwa vitukuu vyao. Ndani ya rika, kila msimu hupewa jina lake dogo kutokana na jambo kubwa la wakati huo, kama vita, njaa au nzige. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa huutaja msimu aliotahiriwa, na wasikilizaji wakaujua umri wake papo hapo.

Kalenda hiyo ilifanya kazi ambayo kwingine hufanywa na kamati. Haikuhitajika barua ya kutangaza mwaka, kwa sababu kila nyumba iliujua. Agosti pia iliafikiana na shamba. Katika nchi ya chini ya Bungoma wimbi huwa limevunwa, na wimbi ndilo linalotoa kimea cha busaa, pombe ya wageni. Mambo yaliyobaki yaligawanywa kwa jamaa, kila mmoja na sehemu isiyoweza kuchukuliwa na mwingine. Baba alitoa idhini na ng'ombe, shangazi na mama wakashughulikia nafaka na wageni, na vijana waliotahiriwa msimu uliopita wakamsindikiza mwenzao. Omukhebi, yaani ngariba, hakuchaguliwa kwa kura, kwani kazi hiyo hurithiwa katika ukoo na huaminika kuwa mizimu ndiyo inayomwita mhusika.

Maandalizi huanza kwa kijana mwenyewe kutangaza nia. Huvaa shanga, huchukua njuga za chuma ziitwazo chinyimba, na kwenda mji kwa mji akiwaalika jamaa huku kundi la waimbaji likimfuata. Safari muhimu kuliko zote ni ya kwa mjomba, ndugu wa mama, anayeitwa khocha. Mjomba huchinja, kisha humvika mpwa wake shingoni kipande cha nyama ya kidari, likhoele, akimwambia asiiaibishe nyumba aliyotoka mama yake. Ziara hiyo ni hukumu pia. Mahari ya mama isipokuwa imemalizika, hapo ndipo deni hutajwa mbele ya mashahidi, na baba hulazimika kujibu. Kwa njia hiyo tohara ya mtoto mmoja hufunga hesabu ya ndoa iliyofungwa miaka kumi na mitano au ishirini nyuma.

Alfajiri ya siku yenyewe kijana hupelekwa mtoni kabla ya jua kuchomoza. Huvuliwa nguo, huoga maji baridi, hupakwa tope mwili mzima, na jani moja refu la nyasi huchomekwa kwenye tope lililo utosini. Huondoka mtoni kwa njia tofauti na ile aliyoendea, Sioyaye ikiimbwa nyuma yake kwa kishindo cha miguu. Akifika uwanjani mbele ya nyumba ya baba yake husimama wima na kutazama mbele. Omukhebi hufanya kazi yake kwa muda mfupi, na katika muda huo kijana hatakiwi kutikisika wala kupepesa macho, maana woga wake utasimuliwa maisha yake yote na maisha ya watoto wake. Kazi ikiisha hufunikwa shuka, huketishwa, na jamaa humwendea mmoja mmoja na zawadi.

Baada ya hapo huanza kipindi cha kutengwa na kupona, ambapo kijana huitwa omufulu. Omukhebi hurudi kumpa mafundisho: mali ya mtu haiguswi, mzazi hajibiwi kwa ukali. Mwisho wa mwaka hufanyika khukhwalukha, sherehe ya kutoka, na kijana huvaa nguo mpya na kuhesabiwa mtu mzima. Waliotahiriwa msimu mmoja huwa bakoki. Undugu huo una sheria zake, na mojawapo ni kwamba mwanamume hawezi kumwoa binti wa mkoki wake. Mpangilio wa msimu mmoja, kwa hiyo, huendelea kutawala ndoa za kizazi kinachofuata.

Mamlaka ya nje yaliingia kwa nguvu mwaka 1895, kikosi kilichoongozwa na afisa Mwingereza C. W. Hobley kilipozivunja ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe, hii ya pili ikiwa karibu na Webuye ya leo. Utawala wa Waingereza uliwaweka Wabukusu chini ya machifu wa Kiwanga, akiwemo Murunga, nduguye Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Machifu hao walikusanya kodi na vibarua, lakini hawakuwa na nafasi katika uwanja wa tohara, kwa kuwa hapo cheo cha mtu kilitokana na rika lake, si na barua ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya. Katikati ya miaka ya 1920 serikali iliunda Baraza la Wenyeji la Kavirondo Kaskazini. Ndilo lililokuwa baraza la kwanza la kupigiwa hesabu na kuandikiwa kumbukumbu lililowahusu Wabukusu. Lilijadili kodi, barabara na shule, na tohara ikabaki mikononi mwa koo.

Misheni zilikwenda mbali zaidi. Waquaker walifika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakafungua kituo Lugulu, na Wakatoliki wakajenga Kibabii. Hawakukataa tohara yenyewe, ambayo imo katika Biblia. Walichokipinga ni pombe, nyimbo za matusi, matambiko kwa mizimu na ngoma za usiku. Familia za Kikristo zikaanza kuwapeleka watoto hospitalini au kuwaitia mganga wa zahanati nyumbani, kwa maombi na chai badala ya busaa. Tangu hapo kumekuwa na tohara mbili ndani ya kabila moja, lakini kalenda imebaki ile ile: hata mtoto anayetahiriwa hospitalini hungojea Agosti ya mwaka shufwa ili awe na rika.

Upinzani dhidi ya misheni ulichukua sura ya Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde kuanzia miaka ya 1940. Masinde, aliyewahi kujulikana kama mchezaji wa mpira, aliwaita watu warudie mizimu na desturi za wazee na kukataa amri za wakoloni. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi na kuwaua watu 11, na dini hiyo ikapigwa marufuku. Agosti ya mwaka huo huo vijana wa kwanza wa Banyange walisimama uwanjani. Wakati huo huo njia nyingine ya kujipanga ilikuwa ikikua: Bukusu Union, chama kilichohusishwa na Pascal Nabwana, kilidai shule na machifu wa Kibukusu kwa mikutano, michango na barua. Mabaraza ya wazee ya leo yanafuata nyayo za chama hicho zaidi ya nyayo za vikao vya kale vya ukoo.

Uhamaji uliongeza tatizo jipya. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, reli ikafika Kitale mwaka 1926, na Wabukusu wengi wakaenda huko kama vibarua wa mashamba. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, mipango ya makazi na ununuzi wa mashamba kwa vikundi viliwapa wengi ardhi yao wenyewe. Mfano ni Matisi, mtaa wa Kitale ambao leo ni wadi katika eneo bunge la Saboti, wenye majirani wa makabila mengi. Katika nyanda za juu za Kitale mahindi huvunwa kuanzia Oktoba, hivyo Agosti huyakuta bado mashambani, mabichi. Familia ya huko hulazimika kununua wimbi sokoni, kutafuta mto ulio karibu, na kuamua kama kijana atasimama kwenye ua wa mjini au atarudishwa kwa babu yake Bungoma. Kalenda iliyotungwa kwa shamba la nchi ya chini inafuatwa mahali ambapo shamba lina majira mengine, na hapo ndipo mashauriano kati ya jamaa wa pande mbili yanapohitajika.

Upande wa Uganda mpangilio umepata ofisi rasmi. Katiba ya mwaka 1995 iliruhusu taasisi za viongozi wa kimila, na Wamasaba wakaunda Inzu ya Masaba, inayoongozwa na Umukuka. Wilson Wamimbi alikuwa Umukuka wa kwanza, kuanzia mwaka 2010. Msimu wao wa tohara, uitwao Imbalu, hufunguliwa kwa sherehe katika uwanja wa Mutoto, Mbale, mahali panapoaminika kuwa ndipo Mmasaba wa kwanza alipotahiriwa, kisha koo hufuata kwa zamu. Taasisi hushughulikia uzinduzi, wageni wa serikali na wafadhili. Wabukusu hawana uwanja mmoja wa namna hiyo wala kiongozi mmoja, na sherehe zao hufunguliwa katika nyumba nyingi kwa wakati mmoja.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuziachia kaunti shughuli za kitamaduni. Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, baraza la wazee wa Kibukusu limekuwa na mtu wa kuzungumza naye ofisini. Mambo yanayoletwa mezani ni yale ambayo ukoo mmoja hauwezi kuyatatua. La kwanza ni afya. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara kuwa njia mojawapo ya kupunguza maambukizi ya Virusi vya Ukimwi, lakini kisu kimoja kwa vijana wengi kingeweza kuyaeneza. Kwa hiyo bakhebi hupewa mafunzo na kuhimizwa kutumia kisu kimoja kwa kijana mmoja. La pili ni shule: Agosti lazima iwe likizo, na ngoma za usiku zisiwahusishe watoto wa shule. La tatu ni usalama. Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila baada ya miaka mitano, na tarehe 9 Agosti 2022 kura na tohara ziliangukia mwezi mmoja, barabara zile zile zikibeba misafara ya kampeni na ya waimbaji.

Mgawanyo wa kazi uliojitokeza ni huu: baraza hutangaza tarehe ya kuanza, huwakutanisha wazee na maafisa wa afya, elimu na polisi, na hukemea wanaoidhalilisha desturi. Haliamui ni mtoto gani yuko tayari, halimteui omukhebi, halipangi mahari na halitoi jina la rika. Hayo yamebaki kwa baba, mjomba na kalenda. Msimu ukifungwa, vijana hawaandikwi katika daftari la baraza. Watu hukaa vikao, hulipima jambo kubwa la mwaka huo, na jina linalozoeleka midomoni ndilo ambalo bakoki watalibeba mpaka uzeeni.