Gondokoro: misheni iliyokatazwa kurudi nyuma

Kila Oktoba 10 Wakatoliki wa Juba humkumbuka Mtakatifu Daniele Comboni, aliyefariki Khartoum siku hiyo mwaka 1881. Husifiwa kama mtu asiyeyumba. Mto Nile una habari nyingine: padri huyo aliwahi kufunga virago akaondoka.

Kutoka Bandari ya Juba, penye magunia ya mtama na samaki wakavu wanaoshushwa kwenye boti za Bor na Terekeka, Gondokoro iko ng'ambo ya mashariki, ukifuata maji kidogo kuelekea kaskazini. Ignaz Knoblecher, padri wa Kislovenia, alifungua misheni hapo Januari 1853, akisafiri kwa jahazi lake Stella Matutina. Mwezi huohuo mwenzake Angelo Vinco, aliyekwisha kuishi na Wabari, wenyeji wa eneo hilo, alifariki Libo.

Mambo yaliharibika upesi. Aprili 1854 msafara wa mfanyabiashara Vaudey, mwakilishi wa Sardinia, ulipiga bunduki za salamu na risasi zikawapata watu wa ufukweni. Vita vikazuka, Vaudey akauawa. Wabari wangewatofautishaje Wazungu wa msalaba na Wazungu wa pembe za ndovu, ilhali wote waliteremka kwenye majahazi ya namna moja? Ukame nao ukafuata, hata Nyigilo, chifu aliyeaminiwa kuleta mvua na aliyewahi kuwa rafiki wa Knoblecher, akauawa na watu wake mwaka 1859.

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Msalaba Mtakatifu, kituo cha pili, kaskazini mwa Gondokoro kati ya Wadinka. Comboni alifika Februari 1858 na wenzake kutoka Verona, wakakuta aliyekianzisha, padri Mozgan, ameshazikwa. Wiki chache baadaye homa ikamwangusha mwenzao Francesco Oliboni. Kwa mujibu wa barua za Comboni, mgonjwa aliwaita wenzake kitandani akawaonya wasiiache kazi, hata wakibaki wawili, hata akibaki mmoja. Alikata roho Machi 26. Comboni ndio kwanza alikuwa ametimiza miaka 27. Mwezi uliofuata Knoblecher naye akafa, mbali huko Napoli.

Novemba zikamfikia Comboni habari za kifo cha mama yake. Homa haikumwachia. Januari 1859 aliondoka Msalaba Mtakatifu, na baadaye akarudi Italia. Je, aliuvunja wosia wa Oliboni? Wahubiri wanaopenda kutisha waumini kwa habari za walioanguka huruka ukurasa huu, na naona wanajinyima hoja nzuri. Miaka mitano na ushei baadaye, Septemba 15, 1864, akisali penye kaburi la Petro mjini Roma, alipata mpango wake wa kuiokoa Afrika kwa Waafrika wenyewe. Akarudi Sudan, akawa askofu mwaka 1877. Kanisa lililomtangaza mtakatifu Oktoba 5, 2003 lilijua fika kwamba aliwahi kuondoka.

Huruma hiyo Wabari hawakuipata. Gondokoro ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, wachache waliobatizwa waliachwa bila padri, na wafanyabiashara ya watumwa wakakitawala kituo. Makaburi ya wamisionari yana majina katika vitabu, lakini waumini hao hawana hata sikukuu. Wakilaumiwa kwamba walipoa katika imani, ni haki kuuliza nani alitangulia kuondoka.

Wakomboni, wamisionari wa shirika la Comboni, walirudi eneo hili la Equatoria karne ya 20, wakajenga shule na parokia, hadi serikali ya Khartoum ilipowafukuza wamisionari wa kigeni kusini mwaka 1964. Safari hii kazi haikuishia hapo: makatekista na mapadri wazalendo walibaki na waumini wao, wengine wakawafuata hadi kwenye kambi za wakimbizi Uganda. Askofu Mkuu wa Juba, Stephen Ameyu Martin Mulla, aliyefanywa kardinali Septemba 2023, alizaliwa Januari ya mwaka huohuo wa 1964.