Nani Anashika Swichi ya Mama? Kutoka Nyumba za Ardhini za Mbulu Hadi Balbu za Jorodom

Kuna kaka mmoja, jina tunaliacha maana wako wengi na kila ukoo unaye wake. Anaishi Dar, kwao ni Hanang, pale Jorodom upande wa Katesh, mlima ukiwa mgongoni. Amemjengea mama nyumba ya maana, bati la rangi, vigae chini, na ndani kaweka balbu janja, kamera mbili na soketi za kuwashwa kwa simu. Jioni akiwa kwenye foleni ya Mwenge anabonyeza, taa ya baraza inawaka mamia ya kilomita kutoka alipo. Anapiga picha ya skrini, anaposti. Makopa kibao.

Sasa upande wa pili wa hiyo picha. Mama ana simu ya vitufe. Programu hana, nenosiri halijui. Bando la ruta likiisha, au kaka akibadilisha simu na kusahau akaunti, mama anabaki na swichi ya ukutani aliyokatazwa kuigusa: "Mama usizime hapo, taa itatoka mtandaoni." Nyumba ni yake, hati ina jina lake, ila taa inawashwa na mtu aliyekaa Mwenge.

Watu wakiuliza programu gani ni nzuri kwa nyumba janja, majibu huwa ni rangi za balbu na kama inaongea na spika. Mimi naona swali lenyewe liko kwingine, na Mbulu na Hanang ni sehemu nzuri ya kuliangalia, kwa sababu kule suala la nani anaishika nyumba lina historia ndefu kuliko umeme.

Wairaqw, ambao mtaani wengi tunawaita Wambulu, walikuwa na nyumba iliyochimbwa kwenye mteremko. Nyuma imezama ardhini, mbele pana mlango, juu paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo. Majani yanaota pale juu kama sehemu nyingine yoyote ya kilima, kiasi kwamba mgeni akitokea upande wa juu anaweza kutembea kwenye paa la mtu asijue. Haikuwa fasheni. Ilikuwa ni kujificha na uvamizi wa kuchukua ng'ombe, hasa wa Wamaasai, enzi ambazo mifugo ndiyo ilikuwa akiba yote ya familia. Usiku ng'ombe wanaingizwa ndani, mlango unafungwa kwa ndani, basi. Kilima kimelala.

Angalia ile nyumba inafanya nini. Mbulu ni baridi, na udongo unatunza joto. Ng'ombe wenyewe wanaongeza joto. Moto wa jikoni ndio taa. Ulinzi ni umbo la nyumba. Na kila amri, iwe ya mlango, ya moto au ya kuamka kumtazama ndama, inatolewa na mtu aliye ndani. Waliobuni hivyo hawana majina kwenye kitabu chochote, ila kazi yao ilijibu swali ambalo sisi leo tunalipia kila mwezi. Simaanishi turudi huko jamani. Moshi, giza, harufu ya mkojo wa ng'ombe usiku kucha, hapana. Nachosema ni kwamba swichi ilikuwa ndani.

Karne ya 20 ilipita na mengi. Uvamizi ulipungua, watu wakashuka na kusambaa kwenye mabonde na tambarare, tofali na bati vikachukua nafasi ya udongo, kibatari kikachukua nafasi ya moto. Mafuta ya taa yalitoka dukani, ila utambi ulikuwa mkononi mwako.

Wakati huohuo huko ng'ambo walishaanza kucheza na nyumba. Mwaka 1966 mhandisi wa Westinghouse aitwaye Jim Sutherland aliunda ECHO IV, kompyuta ya kusimamia nyumba yake mwenyewe, kubwa kama ukuta wa makabati. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ya Scotland ikaleta X10, ambapo amri ya kuwasha taa ilisafiri kwenye waya uleule wa umeme ulioko ukutani. Vyote viwili vilikuwa na ubongo wake ndani ya nyumba. Hakuna aliyeomba ruhusa kwa seva ya nchi nyingine ili awashe taa ya choo.

Kwetu, swichi ilianza kutoka nje kupitia mita. Zamani bili inakuja, usipolipa fundi anapanda nguzo anakata. Miaka ya 1990 TANESCO ikaleta LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na kukatiwa kukawa hakuna sura ya mtu. Mita inajizima yenyewe saa nne usiku katikati ya mechi na huna wa kumlaumu. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, baadaye hata safari ya kwenda kununua umeme ikafutika: unanunua kitandani, unasoma tarakimu 20, unabonyeza.

Tunaisema sana LUKU, lakini ina akili moja ambayo programu nyingi za leo hazina. Mita yako haihitaji intaneti. Zile tarakimu 20 zimefungwa kwa siri inayotambuliwa na mita yako peke yake, na mita inazihakiki yenyewe pale ukutani. Umeme unauzwa mbali, uamuzi unafanyika nyumbani. Kasoro yake ilikuwa saa. Mfumo huo wa kimataifa unahesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule TANESCO ilituhangaisha kuingiza tarakimu za ziada kabla ya tokeni yenyewe. Wengi walidhani ni utapeli. Kumbe ilikuwa ni mita zipatazo kizazi kizima zinabadilishiwa kalenda.

Ila nyaya za TANESCO zilichelewa sana kufika vijijini Manyara, na hapa ndipo stori inanoga. Kuanzia mwaka 2012 hivi, Arusha iligeuka makao ya sola ya mkopo. Off-Grid Electric ilianzia hapo, na Mobisol, kampuni ya Berlin, ikaweka kambi hapohapo. Unalipa kidogo mwanzo, unafungiwa paneli, betri, taa, wengine na televisheni, halafu unamalizia kwa simu mwezi kwa mwezi. Kwa Mobisol mkopo ulikuwa wa miaka mitatu. Na lile boksi la ukutani lilikuwa na modemu na laini ya simu ndani yake. Ukilipa, linafunguka. Ukichelewa, linafungwa kutoka mbali.

Fikiria hapo. Jua ni la Mungu, paneli iko juu ya bati lako, betri iko sebuleni kwako imejaa, na taa haiwaki. Kabla kijana yeyote wa Masaki hajanunua balbu ya kuongea nayo, mkulima wa kijijini alishaishi ndani ya nyumba inayoendeshwa na seva. Nyumba janja ilianza kwake, na hakuna aliyemwita mtu wa teknolojia. Wale mawakala waliopanda na paneli kwenye pikipiki nao hakuna aliyewaandika.

Tusiwe wanafiki lakini. Bila hiyo kufuli, nani angemkopesha sola mtu ambaye dhamana yake ni mbuzi na mahindi yasiyovunwa bado? Wengi walizima kibatari moja kwa moja kwa sababu yake. Na mkataba ulikuwa na mwisho: ukimaliza deni, boksi linafunguliwa kabisa, linakuwa lako. Hata Mobisol ilipofilisika Aprili 2019, ilinunuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka huohuo. Kwa mwenye paneli ambaye hajamaliza deni, jambo hilo halikuwa habari ya biashara. Lilikuwa swali la nani kesho atafungua boksi.

Balbu ya kaka yetu haina mwisho wa aina hiyo. Ameilipia yote dukani Kariakoo, na bado kila akibonyeza, mara nyingi amri inaenda kwanza kwenye seva ya mtu mwingine ndipo irudi Jorodom. Waliotutangulia wameshaona mwisho wake. Revolv, kitovu cha kuendeshea nyumba kilichouzwa dola 300, kilinunuliwa na Nest ya Google mwaka 2014 na kuzimwa Mei 2016. Vifaa vizima kabisa vikawa mapambo. Aprili 2022 seva za Insteon zilizimika bila taarifa, watu wakaamka programu haijibu, mpaka baadhi ya wateja wenyewe walipoinunua kampuni na kuifufua. Julai 2025 Belkin nao wakatangaza kwamba huduma za Wemo zitakoma tarehe 31 Januari 2026. Hizo ni kampuni kubwa, siyo vichochoro.

Na wala si lazima kampuni ife. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Unakumbuka ile siku WhatsApp ilivyogoma. Sasa weka taa ya choo cha mama kwenye waya huohuo ulioko chini ya bahari.

Wala msimcheke kaka kwa kutaka jicho nyumbani. Tarehe 3 Desemba 2023 asubuhi, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na maeneo ya jirani, Jorodom ikiwemo. Waliofariki ni zaidi ya 80. Mtu mwenye mzazi pale, akiwa Dar au Muscat, alibaki na simu inayoita bila kupokelewa. Baada ya siku kama ile, kamera ya barazani si mbwembwe.

Kwa hiyo kabla hujapakua chochote, fanya jaribio ambalo hakuna muuzaji atakuambia. Funga kifaa kimoja tu. Kisha chomoa intaneti kwenye ruta lakini acha waifai yenyewe iwake. Bonyeza. Ikiwaka, amri inatembea ndani ya nyumba. Isipowaka, umenunua balbu ya kukodi. Fanya hivyo pia kwa ratiba: weka taa iwake saa 12:40 jioni, chomoa intaneti, subiri. Programu nyingine zinahifadhi ratiba kwenye kifaa, nyingine kwenye seva, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hapa katikati niseme tu kwamba Hanang jua halichezi sana. Mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na nusu na saa moja kasoro, kwa hiyo ule ufundi wa kufuatilia machweo wanaoutangaza ni wa watu wa Ulaya. Kwetu taima ya kawaida inatosha.

Smart Life ya kampuni ya Tuya ndiyo inayobeba vifaa vingi vya bei nafuu vya madukani, na eWeLink ndiyo ya Sonoff. Zote zinatumika, sizipondi. Zina sehemu ya kuweka "nyumba" na wanafamilia, na hapo ndipo watu wanateleza: nyumba inaandikishwa kwa barua pepe ya kaka, wengine wote wageni. Ifanye akaunti ya nyumba iwe ya nyumba, nenosiri liandikwe kwenye daftari linalokaa na hati ya kiwanja, wewe ujiunge kama mwanafamilia. Dada aliyebaki Katesh na simu janja naye aingizwe. Ukitaka ubongo ukae ndani kabisa kuna Home Assistant, mradi ulioanza 2013, unaoendeshwa kwenye kompyuta ndogo pale nyumbani. Ni mzuri kweli, ila unahitaji mtu wa karibu anayeuelewa. Kama mtu huyo ni wewe na uko Mwenge, bado hujasaidia. Afadhali utafute vifaa vyenye alama ya Matter, kiwango kilichotoka Oktoba 2022 ili vifaa vya kampuni tofauti viendeshwe ndani ya nyumba na programu zaidi ya moja.

Kuliko yote, achana na balbu janja kwenye nyumba ya wazazi. Weka kile kifaa kidogo kinachofungwa nyuma ya swichi ya kawaida, kiunganishwe na swichi yenyewe. Mama anabonyeza ukutani kama zamani, wewe unabonyeza simu, hakuna anayemkatia mwenzake. Halafu ingia kwenye mipangilio utafute hali ya kifaa umeme unaporudi. Kuna vifaa ambavyo ukiviacha kama vilivyotoka dukani, TANESCO wakirudisha saa nane usiku nyumba nzima inawaka kama ukumbi wa harusi.

Kamera ndiyo ngumu. Ya nje, yenye kadi ya kumbukumbu, itaendelea kurekodi hata intaneti ikikatika, na hiyo sina neno nayo. Ya sebuleni kwa mama, muulize kwanza, na umweleze kwamba mnaomwona mko wangapi. Akikataa, kaiweke kwenye zizi la ng'ombe.