Jina la Kwanza la Uhura

Jioni ya tarehe 8 Septemba 1966, runinga ya NBC kule Marekani ilirusha kipindi cha kwanza cha Star Trek. Kenya ilikuwa bado haijatimiza miaka mitatu ya uhuru. Katika kipindi hicho kuna kiumbe anayefyonza chumvi kwenye miili ya watu, na hubadilisha sura: kila mtu humjia akiwa na umbo la yule anayemtamani. Alipomjia afisa wa mawasiliano wa chombo, dada mweusi anayeitwa Uhura, alijigeuza kijana mtanashati mwenye asili ya Afrika. Halafu akamsemesha kwa Kiswahili.

Soma tena hapo. Usiku wa kwanza kabisa wa mfululizo ambao mpaka leo haujaisha, Kiswahili kilikuwemo. Nikiwaambia watu hili pale Kondele wanadhani ni stori za jaba. Na haikuwa mara moja tu. Mwaka uliofuata, katika kipindi kinachoitwa The Changeling, mashine fulani inafuta akili ya Uhura, na anapofundishwa upya kusoma, lugha inayomrudia mdomoni ni Kiswahili.

Jina lenyewe lina historia ya kuchekesha kidogo, na ya kuudhi kidogo. Nichelle Nichols, mwigizaji wake, alisimulia mara nyingi kwamba alienda kwenye usaili akiwa amebeba riwaya ya Robert Ruark inayoitwa Uhuru, iliyotoka 1962. Ruark alikuwa Mmarekani mpenda kuwinda, na riwaya hiyo ni ya Kenya inayokaribia kujitawala, imetazamwa kutoka veranda ya mzungu. Gene Roddenberry, mwenye Star Trek, akalipenda neno, likalainishwa mwishoni, likawa Uhura. Kwa hivyo neno ambalo watu wetu walilipigia kelele barabarani liliingia angani kupitia kitabu cha mwindaji. Haya basi.

Lakini lilikuwa jina moja tu. Kirk alikuwa James. McCoy alikuwa Leonard. Mfululizo ulikuwa na vipindi 79, kuanzia 1966 hadi 1969, na katika vyote alivyotokea Uhura alikaa kwenye kiti chake bila jina la kwanza. Zikaja sinema sita, ya mwisho 1991, na bado hakuna. Afisa wa mawasiliano, kazi yake ni kusikiliza kila mtu, na hakuna aliyewahi kumuuliza mama yake alimwitaje.

Jina alipewa pembeni. Na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo.

Kwa Kiswahili sijakutana na neno lililozoeleka la vitabu vya aina hii, kwa hivyo kwetu tunaviita tu vitabu vya pembeni. Ni riwaya na hadithi zinazoandikwa kuhusu wahusika wa runinga au sinema, kwa kibali cha wenye mali, na watu ambao hawakubuni wahusika hao. Star Trek inavyo kwa mamia. James Blish alianza 1967 kwa kugeuza vipindi kuwa hadithi fupi, na 1970 akatoa Spock Must Die!, riwaya ambayo haikutoka kwenye kipindi chochote. Sheria ya nyumba ilikuja kuwa hivi: kilichoonekana kwenye skrini ndicho kilichotokea. Kilicho kitabuni ni burudani tu, na mwandishi wa runinga anaweza kukikanyaga kesho asubuhi bila kuomba radhi.

Mashabiki wa Star Trek Kisumu, kusema ukweli, hatujazi matatu moja. Wa Star Wars ni wengi kidogo. Tunakutana kwa kibanda cha jamaa mmoja fundi wa simu, kati ya chaja zilizoungua na spika zisizonyamaza. Mimi niliingia humo kupitia vitabu. Nilipoacha chuo nilibaki na muda mwingi na pesa kidogo, na kuna mzee anayeuza vitabu vya mtumba karibu na barabara ya Oginga Odinga ambaye hapangi kwa mwandishi wala kwa mada, anapanga kwa unene. Kwa shilingi mia nilipata Uhura's Song, ya Janet Kagan, ya 1985, bila jalada.

Hicho kitabu nitakitetea popote. Uhura ana rafiki wa zamani, mwanadiplomasia wa viumbe wanaofanana na paka, ambaye waliwahi kubadilishana nyimbo. Tauni inawaingia watu wa huyo rafiki. Tiba huenda iko kwenye sayari waliyotoka mababu zao, ila hakuna anayejua tena iko wapi. Kilichosalia ni nyimbo za kale, na ndani ya nyimbo mna njia. Anayeweza kuisoma njia hiyo ni Uhura, kwa sababu alizisikiliza kabla hazijawa na faida yoyote. Ukiwa umekulia kando ya ziwa hili, mahali ambapo safari ya wazee kutoka kando ya Naili mpaka Got Ramogi imehifadhiwa kwa majina ya koo, sifa na nyimbo, hauhitaji mtu akueleze kwa nini kitabu hicho kinashika koo. Katika runinga ya miaka ile Uhura hakupewa kazi nzito hivyo hata kipindi kimoja.

Na humo kitabuni anaitwa Nyota.

Jina hilo lilitoka kwa William Rotsler. Mwaka 1982, sinema ya pili ilipotoka, aliandika kitabu chepesi cha wasifu wa wahusika, kile cha kununuliwa na watoto, na akahitaji jina la kwanza la Uhura. Aliwauliza Roddenberry na Nichols kuhusu Nyota, wakakubali. Kinachonifurahisha ni kwamba Rotsler mwenyewe alikuwa shabiki, mchoraji wa katuni za majarida ya mashabiki, na alishinda tuzo ya Hugo ya wachoraji wa aina hiyo zaidi ya mara moja. Kabla yake na hata baadaye kuna waliomwita Penda, na kuna waliomwita Upenda, ambalo kwa anayejua Kiswahili ni kitenzi kilichokatwa miguu. Ungetuuliza tu, jamani. Lakini Nyota lilishika. Waandishi wa pembeni waliliokota mmoja baada ya mwingine, wasomaji wakalizoea, na kwa miaka ishirini na saba likaishi vitabuni tu.

Fundi wangu hakubali hata kidogo. Msimamo wake ni kwamba kama wenye mali wamesema haikutokea, haikutokea. "Omera, mimi nikifungua simu yako nikuwekee kioo cha mtaani, hiyo si orijino. Itawaka, lakini si orijino." Yeye ni wa Star Wars, na anajua anachosema, kwa sababu kwao hukumu ilishatoka. Aprili 2014, Lucasfilm ilitangaza kwamba riwaya, katuni na michezo ya miaka zaidi ya thelathini ingeitwa Legends kuanzia hapo. Maana yake: endeleeni kuvisoma, ila havihesabiki. Watoto wa Han na Leia ambao wasomaji waliwalea kutoka utotoni hadi ndoa walifutwa kwa tangazo moja. Fundi aliona sawa kabisa. Ghala lilikuwa limejaa takataka, alisema, na mtu akafagia.

Nampa haki yake kidogo. Pembeni kuna aibu zake. Alan Dean Foster alipotoa Splinter of the Mind's Eye mwaka 1978, riwaya ya kwanza ya pembeni ya Star Wars, Luke na Leia wanatazamana kwa namna ambayo, baada ya sinema ya 1983 kufichua kwamba ni mapacha, huwezi kusoma bila kujikuna. Foster hakujua. Hakuna aliyemwambia.

Lakini mzee wa vitabu, nilipompelekea kesi hiyo, aliniuliza swali moja: Luanda Magere orijino ni gani?

Nikakwama, kwa faida yangu. Shujaa wa Kano aliyekuwa na mwili wa jiwe, mikuki ikigonga na kudunda, nguvu zake zikiwa kwenye kivuli. Wanandi wakampa mke, mke akaijua siri, kivuli kikachomwa mkuki, na jiwe liko Kano mpaka leo, mtu yeyote atakuonyesha. Lakini yule msichana ni nani? Kwa bibi mmoja ni nyoka. Kwa mwingine ni mtoto aliyetumwa na wazazi. Ukiisimulia ukiwa umesimama upande wa Wanandi, yeye ndiye shujaa na Magere ndiye balaa. Okoiti Omtatah, kabla siasa haijamchukua, aliifanya tamthilia, ikachapishwa 1991, na hakuna aliyekuja kumdai kibali. Ni hivyo hivyo na kijiji kilichozama Simbi Nyaima, pale Kendu Bay, kwa kumnyima mgeni mzee ukarimu. Ziwa lipo. Mengine yote ni pembeni juu ya pembeni. Na kabla hatujajifanya kwamba mambo haya yameisha na wazee, ni nani amekulia mtaa wenye banda la video na hajamsikia DJ Afro akiichukua sinema ya watu na kuwawekea wahusika maneno ambayo hawakuwahi kusema? Watu wanalipia sauti yake. Sinema ni kisingizio.

Tofauti ni kwamba Magere hana mwenyewe wa kulipwa. Hapo ndipo mimi na mzee tunaachana, maana yeye hajawahi kuishi kwa kuandika kazi za watu. Foster huyohuyo ndiye aliyeandika kitabu cha Star Wars chenyewe, kilichotoka Novemba 1976, miezi sita kabla ya sinema, na jalada likabeba jina la George Lucas. Novemba 2020, chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi cha Marekani kilitangaza hadharani kwamba tangu Disney iinunue Lucasfilm, Foster hakuwa akipata mrabaha wake. Kelele zikapigwa, na mwaka uliofuata chama hicho kikasema mambo yamemalizwa. Lakini fikiria: mtu ameishika hadithi mapema kuliko mtazamaji yeyote, na anazeeka akidai vijisenti. Ukiniuliza nani anaidharau hadithi ya pembeni, sitakuonyesha mashabiki kwanza. Nitakuonyesha vitabu vya hesabu.

Mwaka 2009 ikaja sinema mpya ya Star Trek. Kirk anamsumbua Uhura tangu kwenye baa: jina lako la kwanza nani? Hampi. Filamu nzima hampi. Halafu Spock anamwita Nyota mbele yake, na Kirk anabaki mdomo wazi. Ule mzaha ulitegemea watu waliokuwa wakilijua jina tayari kutoka vitabuni. Rotsler alikuwa amefariki 1997. Mwaka 2022 mfululizo wa Strange New Worlds ukaongeza: Uhura kijana, Celia Rose Gooding, anasimulia kwamba alikulia Kenya, kwamba wazazi wake walikuwa wakifundisha chuo kikuu Nairobi, kwamba anajua lugha 37 kwa sababu alitaka kuzungumza na watu kwa lugha zao. Wenye mali, kwenye skrini, kwa kauli yao, wamemtamka Mkenya. Fundi akasema sasa ndiyo imetokea. Nikamwambia ilitokea 1982, kampuni ilichelewa tu kusikia.

Kuhusu kusikia, hata kule kwake kwa Star Wars tulikuwemo bila kuitwa. Nien Nunb, yule rubani mwenye mashavu yanayoning'inia katika Return of the Jedi ya 1983, sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa masomoni Marekani. Alizungumza Kikuyu na Kikalenjin, ikahesabiwa kuwa lugha ya sayari ya mbali. Mwaka huohuo, Mexico, mwalimu wa chuo kikuu Anyang' Nyong'o alipata binti. Rotich aliporudi kwenye The Force Awakens mwaka 2015, Lupita alikuwa humo pia, ndani ya mwili wa Maz Kanata. Kisumu tulimhesabu kama wetu hata kabla hatujaelewa anacheza nani.

Na 2019 Lupita akaandika kitabu cha watoto kuhusu msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Kinaitwa Sulwe. Kwa Kijaluo, sulwe ni nyota. Nilipomwonyesha fundi, alikaa kimya, kisha akasema kama huyo Uhura angezaliwa upande huu wa Kenya, si Rotsler angekuwa amekosea jina kwa lugha moja tu?

Sasa tunaandika yetu. Hakuna atakayetulipa, na hakuna atakayeihesabu. Nyanya yake Uhura anaishi Dunga, karne ya 23, na mjukuu anakuja likizo. Fundi, yule wa orijino, ndiye anayeandika sehemu za vyombo vya angani, na ni mkali kuhusu skrubu. Tumekwama ukurasa wa nne. Yeye anasema gugumaji litakuwa limeisha ziwani kufikia wakati huo. Mimi nasema halitakuwa limeisha.