Fungate Ureno: Mito Mitatu na Dhahabu ya Kilwa



Mabibi harusi siku hizi wanaulizana sana kuhusu Ureno kwa ajili ya fungate. Ni nchi ya kutembea polepole: miji yake mizuri imekaa kando ya mito, ngazi ni nyingi, na jioni watu hukaa ukingoni kutazama maji. Lakini sisi watu wa pwani hatuitembei Ureno kama wageni wengine. Mito ile ina habari zetu, na ni vizuri uzijue kabla hujafunga sanduku.

Tuanze kaskazini, Porto, kwenye mto Douro. Mtaa wa Ribeira una nyumba za rangi zilizobanana hadi karibu na maji, na juu yake limepita daraja la chuma la Dom Luís I, la mwaka 1886. Ng'ambo ni maghala ya mvinyo. Hayo tuwaachie wenyewe. Mwezi wa Juni 1147 zilitia nanga hapa merikebu za wapiganaji wa Msalaba waliokuwa wakielekea Sham. Askofu wa Porto akawashawishi wamsaidie kwanza Mfalme Afonso Henriques kuuteka Lisbon, mji ambao Waislamu waliuita al-Ushbuna na walikuwa wameutawala kwa zaidi ya miaka 400. Wakauzingira, na Oktoba mwaka huohuo ukaanguka.

Ukifika Lisbon, kwenye mto Tejo, panda mtaa wa Alfama. Jina lake ni Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji moto. Kisha zunguka kilima cha ngome ushukie Mouraria. Huko ndiko walikowekwa Waislamu waliobaki baada ya mji kutekwa, nje ya kuta. Waliishi hapo kwa zaidi ya miaka 300, mpaka Desemba 1496, Mfalme Manuel I alipoamuru Mayahudi na Waislamu watoke nchini kabla ya Oktoba 1497 kwisha. Watu wakaondoka, jina la mtaa likabaki.

Ushike mwaka huo, dada. Tarehe 8 Julai 1497, kutoka Belém, ukingoni mwa mto huohuo na kwa amri ya mfalme huyohuyo, Vasco da Gama aling'oa nanga na merikebu nne. Aprili 1498 alikuwa Mombasa, kisha Malindi. Mwaka 1502 akarudi, safari hii Kilwa, akamlazimisha Amir Ibrahim kwa vitisho vya mizinga alipe kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 kundi jingine la merikebu, chini ya Francisco de Almeida, likaipora Kilwa, kisha likaichoma moto Mombasa.

Dhahabu ile iko wapi? Iko Lisbon. Nenda Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kale, linaloutazama mto Tejo, uulizie Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada cha kanisa, kilichomalizwa mwaka 1506, na kinahesabiwa kuwa kazi ya sonara Gil Vicente. Wageni husogea kutazama ufundi wake, na kweli mikono iliyokifanya ilikuwa na ustadi. Wewe mwambie mumeo kwamba dhahabu ile ilitoka Kilwa, ilikofika kwa biashara ya wazee wetu na Sofala. Sikutakii ulie kwenye fungate yako. Nataka tu asikudanganye mtu kwamba pwani yetu ilikuwa ikisubiri kugunduliwa. Watu hawaibii nyumba isiyo na kitu.

Na historia haikwenda upande mmoja tu. Leso unayojifunga asubuhi ya fungate ina jina la Kireno, lenço, na meza unayoandalia chai pia ni neno lao. Wao nao husema azeite kwa mafuta ya zeituni, kutoka Kiarabu az-zayt, na wakitumaini jambo husema oxalá, neno lililobeba jina la Allah ndani yake, hata kwa asiyelijua. Waislamu pia walirudi: Msikiti Mkuu wa Lisbon ulifunguliwa mwaka 1985, na wengi wa jamaa zake asili yao ni Msumbiji na Guinea-Bissau. Mkipata nafasi, salini Ijumaa hapo.

Mkiwa na siku mbili zaidi, teremkeni kusini hadi Mértola, mji mdogo mweupe juu ya mto Guadiana. Hata jina la mto lina neno wadi. Kanisa kuu la mji lilikuwa msikiti wa karne ya 12, likageuzwa baada ya mji kutekwa mwaka 1238. Nguzo zimesimama kwa safu kama msikitini, milango ina matao ya Kiandalusi, na mihrabu bado ipo ukutani. Imepita karibu miaka 800, na mpaka leo inaelekea kibla.

Allah awape mabibi harusi wetu safari njema, mapenzi na baraka. Amin.